Maabara Iko Juu

Vuta kiti hicho, mzazi mwenzangu, ukae karibu na feni, maana jambo hili ukilisikiliza ukiwa umesimama utaliona dogo. Mwanao akimaliza kidato cha pili na kufaulu ule mtihani, shule itamwuliza anataka kwenda upande gani. Wao wanaita mchepuo. Yapo masomo ambayo wote wanaendelea nayo, kama Hisabati, Kiswahili, Kiingereza na Biolojia, lakini hapo ndipo anapoamua kama atachukua Fizikia na Kemia, au atabaki na sanaa, au atakwenda biashara. Mtoto mwenyewe bado anagombana na mdogo wake kwa ajili ya rimoti. Na uamuzi huo haurudi nyuma. Aliyeiacha Kemia kidato cha tatu hawezi kuiokota kidato cha tano. Sikutishi. Nakwambia kwa sababu kwetu mlango huo umefungwa, na mpaka leo nikipita mbele ya shule ya binti yangu ninatazama upande wa pili wa barabara.

Mimi nauza zipu, vifungo na uzi hapa Kariakoo. Mteja akija akasema anataka zipu, namwuliza ni ya nguo gani, ya mkubwa au ya mtoto, ya kufunguka mpaka chini au ya kuishia katikati. Sinyooshi mkono kwenye rafu mpaka nijue. Kwa hiyo usidhani kwamba kwa binti yangu hatukuuliza. Tuliuliza sana.

Binti yangu, mtoto wangu wa kwanza, ana selimundu. Kama huijui, fikiria vifungo vya shati. Damu yako na yangu ina chembe za mviringo, zinapita kwenye mshipa zikiteleza. Zake zinajipinda kama mundu, zinanasana, na zikinasana sehemu moja damu haipiti, na yale maumivu yanayofuata sijui nikuelezeje. Kinachomsaidia ni dawa za kila siku, kujikinga na baridi, kutochoka kupita kiasi, na maji. Maji mengi. Tangu anaanza chekechea, begi lake halikuwahi kutoka nyumbani bila chupa kubwa.

Kliniki yake iko Upanga. Alipokuwa darasa la tano, mtaalamu mmoja wa maabara, mwanamume mpole mwenye sauti ya chini, alimsimamisha juu ya kigoda akamwonyesha damu yake mwenyewe kwenye hadubini. Tulipokuwa kwenye bajaji tunarudi, alikuwa akitazama kiganja chake mpaka tunakaribia Mnazi Mmoja. Kisha akaniambia, "Mama, nimejiona." Tangu siku ile hakutaka kuwa kitu kingine. Hakutaka hata kuwa daktari. Alitaka kukaa kwenye kile kiti, aangalie damu za watu, aseme hii ina nini.

Tunaishi kwenye moja ya zile nyumba za zamani za chini, zenye uwani, ambazo zimebaki zimebanwa katikati ya maghorofa. Bibi mwenye nyumba amezaliwa humo humo. Jioni tunakaa barazani, na mwaka ule wa mtihani mazungumzo yalikuwa hayo hayo kila siku.

"Aende biashara," mume wangu alikuwa akisema. Yeye ni mtu wa Masasi, anafanya kazi kwenye stoo ya vyombo Mchafukoge. "Toka hapa mpaka Msimbazi ni maduka matupu. Atakosaje kazi?"

"Kazi gani? Kuuza zipu kama mama yake?" Bibi akamkata. "Zipu zenyewe zinakwama katikati, mtu unabaki umo ndani ya gauni kama muhogo kwenye gunia!"

"Bibi, zipu zangu hazikwami," nikasema.

"Hii ya sketi yangu nilinunua wapi? Njoo uivute mwenyewe!"

Mume wangu alicheka, lakini hakuacha. "Mimi naogopa afya yake, Bibi. Sayansi inataka mtu akeshe na vitabu."

"Nyie watu wa kusini mkiona korosho moja imeoza mnachoma shamba zima. Mtoto kichwa anacho. Mwache."

Binti yangu alikuwa amekaa kwenye ngazi moja ya baraza, ngazi pekee iliyopo nyumbani kwetu, anasikiliza. "Baba," akasema, "nikichoka nitalala. Lakini Kemia nikiiacha siipati tena."

Matokeo yalipotoka, alikuwa amefaulu vizuri kuliko tulivyothubutu kuomba. Bibi alipiga vigelegele mpaka wapangaji wa ghorofa ya jirani wakachungulia madirishani. Baba yake akasema, "Haya mama, nenda kaziangalie hizo damu zako." Akachagua sayansi.

Sasa angalia tuliyokuwa tumeuliza. Tuliuliza kama kichwa kinaweza. Tuliuliza vitabu, mwalimu wa Fizikia kama yupo, kazi zitakazopatikana baadaye, kama atalala saa za kutosha. Hata daktari tulimwuliza, naye akasema asome anachopenda. Daktari huyo huyo alikuwa ametueleza mwaka ule kwamba mfupa wa nyonga ya kushoto umeanza kukosa damu, kwa hiyo asiruke na asipande ngazi mara kwa mara. Tukaitikia upesi. Ngazi gani? Kwetu hakuna ngazi.

Siku ya kwanza ya kidato cha tatu alirudi akakaa barazani bila kuvua viatu.

"Mama, maabara iko juu."

"Juu wapi?"

"Juu kabisa. Na darasa letu liko huko huko, mlango wa pili."

Miaka miwili ya mwanzo darasa lake lilikuwa chini, karibu na geti. Mwalimu wa malezi alikuwa anajua hali yake, akapanga hivyo kimya kimya, na sisi wala hatukujua kwamba kuna kitu kilipangwa.

Kesho yake nikafunga duka nikaenda. Nilisimama chini ya jengo nikalitazama. Ngazi zake ni nyembamba, zinazunguka, na ukingo wa chuma umelegea sehemu mbili. Nilipofika juu nilikuwa nahema, na mimi sina ugonjwa wowote.

Mkuu wa shule alinipokea vizuri. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniagizia kiti.

"Mama, iliwekwa juu ili harufu za kemikali zisiingie madarasa mengine," akanieleza. "Mabomba yako huko, gesi iko huko. Kuishusha siwezi."

"Na yale masomo ya kuandika tu, mwalimu? Hayawezi kufanyikia chini?"

"Hilo nitajaribu."

Na kweli alijaribu. Kwa siku chache darasa zima la sayansi lilishushwa, wakabadilishana na wadogo wa kidato cha kwanza. Lakini wale wadogo ni wengi, chumba cha juu hakikuwatosha, wakawa wanakaa mpaka kwenye madirisha, huko juu. Mwalimu mmoja akasema mtoto ataanguka. Wakarudishwa kila mtu mahali pake. Mkuu wa shule aliniita akanieleza mwenyewe, na alikuwa hawezi kuniangalia usoni. Hilo ndilo lililonivunja moyo kuliko yote. Kama angenijibu ovyo ningepata mtu wa kugombana naye. Sikumpata.

Tukatafuta shule nyingine. Iliyokuwa na maabara chini ilikuwa mbali, upande wa pili wa jiji, na darasa la sayansi lilikuwa limejaa. Tukaambiwa tuache namba ya simu. Simu hiyo bado naingoja.

Basi akawa anapanda. Rafiki zake walimsaidia. Mmoja alibeba begi, mwingine alimshika mkono. Asubuhi ngazi zikiwa zimejaa, walikuwa wakipiga kelele, "Pisheni jamani, bibi harusi anapanda!" Wavulana wanajibana ukutani, wengine wanapiga makofi, na yeye anawapungia mkono kama bibi harusi kweli. Alikuwa anatuigizia hayo jioni, na Bibi anacheka mpaka anashika mbavu. Alitueleza pia walivyotia tone moja la mwisho kwenye chupa, na maji yote yakageuka rangi ya waridi. "Tone moja tu, mama! Ukizidisha umeharibu." Nilimwona akiwa na furaha ambayo sijaiona tena.

Kila jioni nilikuwa nikiichukua chupa yake ya maji kuiosha. Kila jioni ilikuwa tupu. Nilifurahi.

Asubuhi moja hakuweza kuinuka kitandani. Maumivu yalianza mgongoni yakashuka miguuni, akawa ananing'ang'ania kanga mpaka ikachanika. Tukampeleka hospitali.

"Anakunywa maji?" daktari akaniuliza.

"Sana, dokta. Chupa inarudi tupu kila siku."

Rafiki yake, yule mbeba begi, alikuja kumwona akiwa bado na sare. Alikuwa amesimama mwisho wa kitanda anachezea shuka. Akanivuta pembeni, kwenye korido.

"Mama, usimgombeze. Yale maji anamwagia maua."

"Maua gani?"

"Ya pale getini. Tukitoka shule, kabla ya kufika nyumbani."

Sikuelewa mpaka aliponieleza taratibu, kama mimi ninavyowaeleza wateja. Choo cha wasichana kiko chini, nyuma ya jengo. Anayekunywa maji lazima ashuke. Akishashuka lazima apande tena, na nyonga yake haiwezi kupanda mara nyingi kwa siku. Kwa hiyo mwanangu alikuwa akipanda mara moja asubuhi, hanywi kitu, anakaa huko juu hadi saa ya kutoka. Mihogo ya mapumziko analetewa na wenzake.

Nilirudi kitandani nikakaa. Alijua kwamba nimejua, akageukia ukutani.

"Ningekunywa, mama, ningekuwa kwenye ngazi siku nzima," akasema. "Kemia ingenipita."

Sikumgombeza. Alikuwa amelipigia hesabu lile jambo vizuri kuliko sisi wote. Nilimpa maji, akanywa glasi nzima, akanirudishia bila kunitazama.

Alitoka hospitali, akaahidi atakunywa, akanywa. Sasa nyonga ikavimba kwa sababu ya kushuka na kupanda. Akapunguza maji tena kidogo, akadhani kidogo hakina neno, na tukarudi hospitali kwa mara ya pili. Mume wangu akaniambia tumwamrishe aache. Nikamwambia amwamrishe yeye. Hakuna aliyemwamrisha.

Jioni moja, wiki ya mwisho kabla ya likizo, alifika nyumbani mapema kuliko kawaida. Alinyoosha mkono akanipa chupa. Ilikuwa tupu, na midomo yake ilikuwa na unyevu.

"Nimehamia sanaa," akasema.

"Nani amekwambia uhame?"

"Hakuna. Nilikwenda mwenyewe kwa mwalimu wa taaluma." Akavua viatu, akavipanga vizuri pembeni ya mlango. "Darasa la sanaa liko chini, mama. Bomba liko pale pale mlangoni."

Baba yake alitoka akaenda kukaa barazani akiwa kifua wazi. Nilimtazama Bibi, ambaye ana neno la mzaha kwa kila kitu, hata misibani. Alikuwa anaokota mawe kwenye mchele, na aliendelea kuokota mawe kwenye mchele.

Kliniki iliyofuata, yule mtaalamu wa maabara alimkaribisha kama kawaida yake. "Aa, mfanyakazi mwenzangu! Mambo? Kemia inasemaje huko?"

"Poa," akajibu. "Inakwenda vizuri." Akanyoosha mkono atolewe damu. Miaka yote alikuwa akiomba kuchungulia kwenye hadubini kabla ya kuondoka, na yule bwana alikuwa ameshaisogeza pembeni kwa ajili yake. Safari hii alibonyeza pamba yake, akaaga, akatangulia kutoka.

Kwenye bajaji nikamwuliza kwa nini hakumwambia ukweli.

"Angesikitika," akasema. "Mwache."

Sasa anasoma Historia na Uraia, na anafaulu. Hajalazwa tangu ahame. Watu wananiambia bora uzima, nami naitikia, kwa sababu ni kweli. Ila nyumbani haongei tena kuhusu shule. Nikimwuliza leo wamesoma nini, ananitajia kichwa cha somo, basi. Hasira hana, ningeijua. Ameliweka jambo lenyewe mahali ambapo mimi siwezi kufika, na kila ninachofikiria kumwambia kinanirudia mdomoni kabla hakijatoka. Bibi bado anatuchekesha. Hata hivyo jioni zetu za barazani zimekuwa fupi.

Wewe wa kwako bado hajachagua, kwa hiyo hujachelewa, na usidhani jambo hili ni la wenye selimundu peke yao. Yupo mwenye pumu, yupo asiyeona vizuri ubaoni, yupo ambaye ana mguu mfupi kidogo na mmezoea. Mwache achague anachokipenda, usimkatishe tamaa. Lakini wiki hii, siku ya masomo, nenda shuleni. Beba begi lake likiwa na vitabu vyake na chupa yake ikiwa imejaa. Uliza darasa la mchepuo huo liko wapi, ulifikie kwa miguu yako, ukiwa hapo kunywa maji, kisha uliza choo kiko wapi, ushuke mpaka huko, na upande tena.