Mzee wa Zizini

Mwezi uliopita, mvua ya kwanza iliponyesha kwenye ua wa gesti moja pale Kahama, iliamsha harufu ya samadi ya zamani. Mwenye gesti aliona aibu. Alinieleza kwamba kabla hajajenga palikuwa na zizi mahali pale, na kwamba kifusi amemwaga malori kwa malori, lakini kila mvua zikianza harufu inarudi. Akaja na dawa ya kunyunyiza. Nikamwomba aache. Nilivuta kigoda mlangoni nikakaa kunusa kama mtu anayenusa pilau ya jirani, naye akaenda zake akitikisa kichwa, bila shaka akiwaza kwamba mgeni wake ana walakini.

Harufu ile ndiyo ya nyumbani kwetu Bariadi. Nimelala katika miji mingi tangu nitoke huko. Darasa la tano lilinishinda kukaa, nikadandia lori la pamba, na mpaka leo mwanamke mzima sijatulia. Katika kila mji ninaofika nauliza swali moja: mji wenu huu unaishia wapi? Watu hucheka, wengine hunyoosha kidole huku na huku wakaishia kubishana. Nililianza swali hilo utotoni, mji ulipotujia mlangoni.

Tulikuwa tukikaa kwa bibi, mama yake mama, nje kidogo ya Bariadi. Nyuma ya nyumba palikuwa na kichuguu kirefu, na nikipanda juu yake niliuona mji wote: mabati ya maduka, msalaba wa kanisa, msikiti mdogo mweupe na kiwanda cha pamba, basi. Kwingine kote ilikuwa mbuga, udongo mweusi ambao masika ulikuvua kiatu ukabaki nacho. Barabara iliteremka kwenda Lamadi, ikakata kushoto kupitia Nyashimo, ikaishia Mwanza. Mwanza kwetu ilikuwa kama dada mkubwa. Kila kitu tulichovaa, kilikuwa kimekwisha kuvaliwa kule kwanza.

Halafu ukaja wakati wa ruksa. Foleni za sukari zikafa, mitumba ikamwagwa chini sokoni, na msimu wa mavuno wakaja wanunuzi wa mpunga na mizani zao, kila mmoja akimwita mkulima "mzee wangu". Watu nao wakaja. Akaja Mpemba na duka la vitambaa, akaja mama mmoja wa Kigoma aliyekaanga vitumbua, wakaja mafundi cherehani, wauza dawa, wahubiri. Nilikuwa nikiwafuata kuwauliza wametoka wapi na huko kwao kuna nini, hadi yule mama wa vitumbua akaniita Bi Mkubwa wa Uhamiaji. Kila kiangazi, nikipanda kichuguu, nyumba za bati zilikuwa zimesogea. Siku moja moshi wa jiko la mtu ukapita juu ya ua wetu wa minyaa, nikajua wamefika.

Sasa niwaambie habari za Guku. Ndivyo tulivyomwita babu. Alikufa kabla sijazaliwa, akazikwa zizini, kama walivyozikwa wenye boma wa zamani kwetu, chini ya jiwe bapa, ng'ombe wakipita na kulala juu yake. Kila jioni bibi akifunga lango la zizi alimwamkia Guku, "Mwadila," kisha akampa habari za siku: ndama amezaliwa, mvua imekataa, Masanja amenunua redio. Masanja ni mjomba wangu. Nasi watoto tukiulizwa babu yuko wapi, tulijibu yuko zizini, na kwetu hilo halikuwa fumbo.

Mwaka wa kuhesabiwa watu, uvumi ulienea kwamba kila nyumba itakayoandikwa na makarani wa mjini ndiyo itakuwa mji, na mjini ng'ombe marufuku. Mjomba Masanja alifurahi. Alikuwa na kibanda cha kuuza sabuni na nyembe, na koti la mtumba lenye beji ya shule ya Ulaya, na alitaka sana kuwa mtu wa mjini bila kuhama. Bibi siku hizo alikuwa akichelewa sana pale langoni jioni.

Karani alikuwa kijana mwalimu, mgeni wa mikoa mingine, shati jeupe. Bibi alimpa kigoda na sahani ya michembe ya viazi vikavu na karanga.

"Mkuu wa kaya ni nani, bibi?"

"Si ni mzee."

"Yupo?"

"Yuko zizini," nikadakia.

Yule kijana alikuwa amelelewa vizuri. Alisema haifai kuandika mji wa mtu bila kumwamkia mwenyewe. Akakunja suruali, akaingia kwenye tope la samadi, akakohoa kwa adabu. "Hodi, mzee! Shikamoo!"

Ng'ombe wakageuka wote wakamtazama. Mjomba alishika nguzo ya banda kwa kucheka.

"Vipi mwalimu, umepata marahaba?"

Bibi hakucheka. Karani aliporudi, viatu vimekwisha kazi, alimwambia, "Amekusikia. Sasa mwandike."

"Bibi, mimi naandika walio hai."

"Si mnahesabu waliolala hapa? Huyu ana miaka hajalala kwingine."

"Mama, muache mtu wa watu," mjomba akasema. "Mwalimu, andika mimi. Mkuu wa kaya Masanja. Andika mjini."

"Wewe Masanja unalala kibandani na sabuni zako," bibi akamkata. Kisha akamgeukia kijana, na sauti ikawa ndogo. "Mjukuu wangu, ukiandika mjini, kesho anakuja bwana afya kuwatoa ng'ombe. Wakitoka, huyu nimwache na nani?"

Karani alitafuna michembe kwa muda mrefu. Mwisho alimwandika bibi kuwa mkuu wa kaya, akamwambia mpaka wa mji hauko kwenye kalamu yake. Alisema kweli. Haukuwa kwenye kalamu ya mtu yeyote tuliyemwona.

Pamba ya msimu ule ilipokwisha kuvunwa, bwana afya alikuja. Ng'ombe walisukumwa kwenda Migato kwa kaka yake bibi, na kila mtu alijua bibi atawafuata, maana kaka yake alikwisha kumjengea. Walipotoka langoni, ng'ombe wa mbele aligeuka kurudi, mjomba akampiga fimbo. Bibi akabaki amesimama zizini. Hakwenda Migato siku hiyo wala baadaye.

Tangu hapo, asubuhi za mnada mimi na bibi tulikwenda na ndoo hadi barabarani makundi yanakopita, tukaokota mavi ya ng'ombe. Wenzangu walinizomea, "Ndoo ya manukato hiyo!" Nilidhani ni ya kupaka sakafu, lakini sakafu yetu mjomba alikwisha kuipiga saruji. Bibi aliyamwaga juu ya jiwe, akayasambaza taratibu kwa kiganja, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

"Bibi, anasikia baridi?"

"Ng'wanawane, mwanangu we, shika ndoo."

Nilimwonea huruma, na nilimwonea haya pia. Nilidhani ameshindwa, na uzee umemwingia. Miaka michache baadaye nikadandia lori.

Bibi amekwisha kufariki, amelazwa nje tu ya lile zizi. Siku hizi Bariadi ni makao makuu ya mkoa, na kwetu ni katikati ya mji. Kichuguu kimesawazishwa, hakuna tena pa kupanda uuone wote. Mjomba amejenga fremu za maduka mbele, na wapangaji humuuliza kwa nini kipande cha nyuma, chenye minyaa mikuukuu, hakijengi. Huwajibu kwamba bado anajipanga. Mimi niliyezunguka kuuliza miji ya watu inaishia wapi, nimechelewa sana kujua kwamba wa kwetu ulikwisha kupata mpaka wake. Ulifika kwenye lile jiwe ukasimama, na aliyeusimamisha ni bibi na ndoo yake.

Mara ya mwisho nilipokwenda niliamka mapema, nikamkuta mjomba anaingia kwa mlango wa nyuma. Ni mzee sasa, magoti yanamsumbua. Alikuwa amevaa koti na ameinama upande mmoja kwa uzito.

"Umetoka wapi asubuhi yote hii, mjomba?"

"Acha maswali," akasema. "Shika ndoo."