Msalaba wa Mtu Aliyechelewa

Mnisamehe kwa mwandiko huu unaoteremka kama njia ya mtoni, na kwa maneno nitakayoyakosea. Niliishia darasa la saba na naandika polepole. Ajabu ni kwamba kazi niliyostaafu ilikuwa ya kuandika, ila niliandika kwa msumari kwenye saruji mbichi. Vijana wanaotaka kuingia kazi ya misalaba ya makaburi huniuliza ilikuwaje. Mimi mwenyewe bado kijana. Vumbi la saruji ndilo lililonistaafisha mapema. Kusema mbele ya watu naona haya, kwa hiyo nawaandikia.

Siku ya kwanza, pale Makambako, Fundi Mkuu hakunipa mwiko. Alinipa ndoo ya maji na kunionyesha kalibu, yaani boksi la mbao linaloipa zege umbo la msalaba.

"Zege likishamwagwa, una saa mbili za kuandika," alisema. "Zikipita hizo, hata askofu hafuti."

Nilibeba maji na kuchekecha mchanga mwaka mzima. Kisha nikapelekwa Njombe kujifunza herufi, maana wateja wengi walitaka Kiingereza. Waliona kinampa marehemu hadhi. Aliyenifundisha tulimwita Msimamizi wa Herufi, mzee mwembamba aliyevaa makoti mawili kwa baridi ya kule.

"Dead ni hali, kama kusema mtu amelowa," alinieleza. "Ukiiandika msalabani umetukana familia. Death ni kifo chenyewe, na hicho hakizikwi. Died ni tendo, alikufa, nalo linataka tarehe. Late ni marehemu. Hilo ndilo neno la adabu."

"Na ile late ya kuchelewa shule?"

"Ni hiyo hiyo. Wewe ulichapwa kwa ajili yake?"

"Mara nyingi, Msimamizi."

"Basi ulikuwa marehemu mdogo," akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Niliporudi Makambako nilikuwa mwandishi wa misalaba. Niliandika mingi bila kosa, hadi ulipokuja ule wa Aidani.

Aidani alikuwa kijana wa Mahongole aliyekwenda kupasua mbao msituni na hakurudi. Miaka ilipita, mwili haukuonekana. Baba yake mkubwa akaona ukoo hauwezi kukaa hivyo, mtu hayupo kwenye walio hai wala kwenye wafu. Akaleta karatasi: The Late Aidani, Died, na chini yake tarehe ya siku aliyoondoka nyumbani.

Asubuhi ya kumwaga zege, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye bati. Nilikuwa nimeinama kwenye kalibu niliposikia sauti ikinisalimu nyuma yangu.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, mama."

Alikuwa mama yake Aidani. Mjukuu wake alikuwa amemsomea ile karatasi.

"Hiyo late," akasema, "mjukuu wangu anasema ndiyo ya kuchelewa. Ni kweli?"

"Ni marehemu pia, mama."

"Sikukuuliza pia. Ya kuchelewa imo?"

"Imo."

"Basi iandike. Shemeji yangu atasoma marehemu, mimi nitasoma amechelewa. Lakini hilo la pili usiandike. Hilo halina mlango."

Nilikwenda kwa Fundi Mkuu. Hakuinua hata macho. "Karatasi ya mwenye kazi ndiyo sheria. Andika, zege halimsubiri mtu."

Nikaandika Died. Mama aliniangalia mpaka herufi ya mwisho. Alikwenda kukaa kwenye jiwe nje ya geti, mikono ndani ya kanga.

Tulifunika msalaba kwa gunia lenye unyevu, tukaingia kibandani kula ugali. Kutoka pale mlangoni niliona geti, na mama hakuondoka kwenye jiwe lake. Kelele hatukusikia. Tulipofunua gunia, Aidani alikuwepo, late ilikuwepo, ila mahali pa Died na tarehe palikuwa pamesawazishwa laini. Pembeni kulikuwa na alama ya kiganja, kikubwa cha mwanaume.

"Nani amecheza hapa?" Fundi Mkuu akafoka. Akapima kiganja chake juu ya ile alama, kilikuwa kidogo. Changu kilikuwa kidogo zaidi. Mchanga uliozunguka kalibu nilikuwa nimeuchekecha asubuhi ile. Ulikuwa na nyayo zetu wawili, na za mama alipokuja na kuondoka. Nyingine hazikuwepo.

Baba mkubwa alifika kuukagua msalaba. Alipoiona ile alama akainama kuitazama. Kidole kidogo kiliishia katikati. Mama alisogea kutoka getini, akalaza mkono wake mkavu ndani ya kile kiganja kama anayesalimiana na mtu.

"Kidole hiki alikikata na msumeno," akasema. "Nilikifunga mwenyewe. Umeona, shemeji? Mtoto amekataa."

"Amekataa akiwa wapi, shemeji?" baba mkubwa aliuliza kwa sauti ndogo. "Upande gani?"

Fundi Mkuu alitaka kurudia kuandika. Msumari ukateleza, zege lilikuwa limeshakauka, na saa mbili zilikuwa hazijafika.

Msalaba ulipelekwa Mahongole vile vile. Baada ya hapo kifua kilinishinda, nikarudisha msumari. Sasa nachunga ng'ombe wawili, na mapumziko yamenipa nafasi ya kufikiri. Nilidhani kazi yangu ilikuwa kujua tofauti za maneno. Kumbe zipo tofauti ambazo mwandishi hapaswi kuziamua kwa niaba ya mwenye mtoto.

Mama Aidani bado hupita kwangu siku za gulio na kuuliza kama kuna habari. Ninyi mnaosoma, mnaofanya kazi misituni na kwenye mashine za mbao, kama mmekutana na mwanaume mwenye kidole kidogo cha nusu, au mmemzika, niandikieni. Msijali mwandiko. Ila msiniandikie late. Andikeni kwa Kiswahili, nijue nimwambie mama neno lipi.