Povu la Farasi wa Tidwell

Permelia Strode alifua nguo za watu huko Kansas kwa miaka kumi na saba. Alifua za wahubiri, alifua za walevi, na alikuwa akisema hajaona tofauti kwenye maji machafu. Mumewe alimwachia nyumbu mmoja mvivu, kisha akafa. Alichobakia kukitamani ni ardhi yake mwenyewe.

Aprili 1889 alijipanga na maelfu ya watu kwenye mpaka wa Oklahoma, ambako serikali ilikuwa ikigawa ardhi bure: wa kwanza kupiga kigingi mahali, pake. Wenyeji wa asili waliahidiwa kwamba ardhi ile ni yao milele. Milele ikaisha Jumatatu, saa sita mchana. Baragumu lilipolia, watu walitimka kama siafu waliomwagiwa maji ya moto. Nyumbu wa Permelia alitafakari kwanza, ndipo akakimbia.

Alasiri walifika kwenye bonde zuri lenye kijito. Wapi! Enoch Tidwell alikuwa amekwisha piga kigingi chake, farasi wake ametapakaa povu.

"Umechelewa, mama. Maili kumi na tano hizo! Tazama mnyama alivyotoka jasho."

Permelia alitazama. Farasi alikuwa akila majani, pumzi zimetulia kama za mchungaji aliyeshiba. Akapitisha kidole shingoni mwake, akakilamba.

"We mwanamke, una wazimu?"

"Jasho lina chumvi, bwana. Hii ni sabuni ya majivu, tena umeipika vibaya."

Askari wa doria alikuwa akipita. Permelia akamwita.

"Afande, njoo uonje farasi."

"Nionje nini?"

"Onja tu. Mimi nimeonja, nimekufa?"

Askari alionja, akatema, akafuta ulimi kwa mkono wa koti. Aliyeingia na kujificha kabla ya saa sita hakuwa na haki hata ya konzi moja ya udongo.

"Nilimwogesha tu!" Tidwell alilia.

"Na kijito hicho hapo," Permelia akasema. "Kumsuuza ulimwachia nani?"

Tidwell aling'oa kigingi chake akitukana. Permelia akachomeka chake kwenye tundu lile lile. Hakuona sababu ya kuchimba jingine.

Mwaka 1907 Oklahoma ikafanywa jimbo. Mjini kulikuwa na bendi, na Tidwell, ambaye sasa ni diwani, alihutubia juu ya uaminifu wa waanzilishi. Permelia hakwenda. Pamba shambani mwake ilikuwa imepasuka, ikingoja kuchumwa, na pamba haijui sikukuu.