Kifua cha Shangazi na Bati la Buluu

Mtaani wanamwita Bi Kavu. Jina hilo alipewa na wauza kuni, kwa sababu hakuna mkokoteni uliopita mlangoni kwetu bila kusimamishwa na kuulizwa swali lile lile: "Ni kavu?" Muuza kuni ataapa kwa mama yake mzazi kwamba ni kavu, naye shangazi atachukua vipande viwili, avigonganishe karibu na sikio, kisha avirudishe vilikotoka. "Hizi bado zimelewa maji, baba. Mpelekee adui yako." Watu walikuwa wakicheka, nami nilicheka nao. Siku hizi sicheki. Nikianza kuisimulia habari hii damu hunichemka, basi msomaji anivumilie nikipandisha sauti.

Ni dada mkubwa wa baba yangu. Mama yao alifariki baba akiwa bado anavaa kaptura ya shule, na shangazi, ambaye mwenyewe alikuwa msichana tu, akatafuta kazi kwenye kiwanda cha mikate. Hakukanda unga wala hakupakia mikate. Kazi yake ilikuwa kulisha tanuri kuni. Bosi wa pale alikuwa na tabia ya kutoka nje, kusimama katikati ya barabara na kukodolea macho bomba la moshi juu ya paa. Akiona moshi mweusi alirudi ndani akifoka kwamba hizo ni kuni zake zinapaa angani bila kupika kitu. Shangazi akajifunza kuwasha moto usiotoa moshi, si kwa kupenda elimu, bali kwa kuchoka kufokewa. Mshahara huo ndio uliomsomesha baba. Baadaye aliolewa, mume akafa mapema kabla hawajapata mtoto, kiwanda kikaleta tanuri la umeme, na siku moja akajikuta hana mume wala tanuri. Baba akamwambia aje akae kwetu. Hapo nampa baba haki yake: alimwita mwenyewe, hakusukumwa na mtu.

Jikoni kwetu ni ndani ya nyumba, kati ya sebule na ukuta wa barabarani. Ua hatuna, nyumba zimebanana, na nyuma kuna kijia tu cha maji machafu. Shangazi alipofika alikuta mama yangu anapikia mafiga matatu, machozi yanamtiririka. Akafunga kibwebwe, akajenga jiko la matofali na udongo, lenye mlango mdogo wa chuma wa kutilia kuni, tundu la hewa kwa chini, na bomba la bati lililopanda hadi juu ya paa letu la zamani lililojaa kutu. Moshi wote ulikwenda zake. Ungeweza kuingia jikoni na shati jeupe ukatoka nalo jeupe. Mama alimkumbatia wifi yake mbele ya majirani, jambo ambalo si kawaida yake, maana mama yangu ni mtu wa kumeza maneno.

Sasa nije kwa baba. Ni karani wa ghala, mtu mpole, hapigi mtu, hanywi. Ugonjwa wake ni mmoja tu, nao ni bati la rangi. Tangu nipate akili namsikia akitaja bati la buluu jinsi wenzake wanavyotaja safari ya ng'ambo. Akajinyima kweli kweli mpaka bati likaja, na pamoja nalo dari nyeupe nyumba nzima na rangi mpya kwa nje. Siku ya kuezeka alisimama barabarani tangu asubuhi, mikono kiunoni, akipokea pongezi za wapita njia.

Fundi wa bati akamwita kutoka juu. "Mzee, hili bomba la jikoni nilipitishe wapi?"

"Lisipite popote."

"Na moshi je?"

"Aliyeniuzia kaniambia kwa kinywa chake, ukilitoboa bati hili tu, dhamana imekufa. Halafu maji yanaingia kwenye tundu, kutu inaanza. Unataka nilitoboe siku ya kwanza?"

Fundi alijikuna kichwa. Kazi ni yake, nyumba ni ya mwenyewe. Akalikata bomba chini ya dari, akaugeuza mdomo wake uelekee dirishani, kama vile moshi ni mgeni anayeweza kuelekezwa mlango. Shangazi alitoka jikoni akifuta mikono.

"Mdogo wangu, basi litoe ukutani."

"Dada! Ukuta ule unatazama barabara. Juzi tu nimeupaka rangi. Watu wapite waone bomba limechomoza kama pua?"

"Na pua yangu mimi?"

Baba alicheka. Aliona dada yake anatania, kama kawaida yake. "Fungua dirisha, dada. Upepo unauziwa?"

Upepo hakuuziwa, ila ulitoka barabarani kuja ndani, na kila moshi ulipotaka kutoka dirishani ulikutana na upepo na kurudishwa. Wiki ya kwanza shangazi alikohoa mpaka akashika ukuta. Mtu mwingine angegoma, angewasha majani mabichi nyumba nzima ifukizwe tujue adabu. Nilimshauri hivyo hivyo. Akaniambia, "Na dari nyeupe ya baba yako, mwanangu? Amejinyima kwa ajili ya ile dari." Nilitamani kulia kwa hasira.

Badala ya kugoma, alifanya anachokijua. Kuni alizipasua nyembamba kama mkono wa mtoto, akazipanga ukumbini zikae muda mrefu mpaka zilie kavu zikigonganishwa. Mbao zenye rangi na makaratasi ya plastiki hakuyatia kabisa, na mafuta ya taa aliyakataza yasisogee jikoni. Asubuhi alipanga vipande vinene chini na vijiti vya kuwashia juu, akawasha kutokea juu, ili moto ushuke taratibu na moshi wa kuni za chini upite kwenye ndimi za moto na kuungua kabla haujatoka. Jivu la jana alilitoa kwanza ili tundu la hewa lipumue. Kuni aliongeza moja moja, hakulishindilia jiko. Chakula kigumu alikiloweka tangu jana, sufuria akaifunika, na kilipoiva hakuacha makaa yajifukize ndani ya nyumba iliyofungwa. Aliyatoa kwa koleo, akayatia kwenye ndoo ya bati yenye mchanga, akaipeleka nje kijiani. Alituambia moshi unaouona unakuwasha macho, lakini kuna hewa ya makaa usiyoiona wala kuinusa, na hiyo inakulaza usiamke.

Yote hayo yalipunguza moshi, hayakuumaliza. Jiko lisilo na bomba lazima liteme kidogo, hasa pale mwanzo moto unapokuwa haujashika. Kwa hiyo aliamka kabla yetu, akafunga mlango wa sebuleni, akatia kitambaa chini ya mlango moshi usipenye, na akakaa humo yeye na huo mwanzo wa moto mpaka ukatulia. Tulipoamka tulikuta jikoni kweupe, chai tayari, na moto unawaka bila hata uzi wa moshi.

Hapo ndipo paliponiuma na panaponiuma mpaka leo. Kadiri alivyoupunguza ule moshi, ndivyo alivyokosa shahidi. Kila alipolitaja bomba, baba alikwenda kusimama mlangoni mwa jikoni, akavuta hewa kwa pua, akaangalia dari, kisha akamgeukia.

"Moshi wenyewe uko wapi, dada?"

"Nimeumeza kabla hujaamka."

"Basi umebaki wapi wa kulalamikia?" Akampiga begani kwa upendo, akachukua mkoba wake, akaenda kazini. Kwa upendo, naam. Ningekuwa na baba katili ningejua pa kumweka.

Nilimvaa. Nilimwambia dada yako anakohoa kama injini mbovu, huoni? Akasema ni umri. Nikasema ni moshi. Akasema moshi gani, mbona mama yako hakohoi, mbona yeye hakohoi, mbona hata dari iko nyeupe? Akanionyesha dari kwa kidole. Nikamwambia basi nunua gesi. Gesi ingenunuliwa baada ya vigae, na vigae baada ya geti. Nilimtazama mama anisaidie. Mama akainamia cherehani yake, akaendelea kushona pindo. Alijua, maana yeye alikuwa anafua vitambaa vya shangazi vya kukoholea. Alijua na akameza maneno.

Ikafika siku shangazi akashindwa kuinua sufuria. Si kwamba ilikuwa nzito. Pumzi ilimwishia katikati ya jiko na meza, akaiweka sakafuni na kukaa kando yake. Nilikodi teksi nikampeleka hospitali mwenyewe. Daktari, mama wa makamo mwenye miwani, alimsikiliza mgongoni kwa muda mrefu, mpaka nikaogopa.

"Unavuta sigara, mama?"

"Sijawahi kuigusa."

"Kuna anayevuta nyumbani?"

"Wa kuvuta ni mimi tu," shangazi akasema. "Nawavutia wote."

Daktari hakucheka. Akauliza jiko lilivyo, akauliza bomba, nikamweleza habari ya bati. Akavua miwani, akanitazama mimi, akamtazama shangazi, akasema mapafu yameharibika na hayatarudi yalivyokuwa. Kinachowezekana ni kuyazuia yasiharibike zaidi. Akamlaza wodini.

Nyumbani mama ndiye aliyerudi jikoni. Kuni kavu za shangazi ziliisha upesi, kwa sababu mama alizitia kwa mafungu kama mtu anayelisha ng'ombe, na zilipokwisha muuza kuni akaleta zake, akaapa kwa mama yake mzazi, na safari hii hakuna aliyezigonganisha. Mama alilishindilia jiko, akafunga tundu la hewa kwa jivu bila kujua, na mlango wa sebuleni akauacha wazi ili apate kupumua. Moshi ukaingia sebuleni, ukaketi kwenye viti. Baba alirudi kutoka kazini akakuta mkewe macho mekundu na dari imeanza kuwa na rangi ya chai. Siku ya pili bosi wake wa ghalani alikuja kumpa pole ya mgonjwa. Alikaa dakika chache, leso puani, akaaga. Baba alimsindikiza mpaka barabarani akiomba radhi.

Kesho yake nilipotoka hospitali nilimkuta fundi wa bati juu ya paa. Baba alikuwa chini, pale pale alipokuwa akipokelea pongezi, anapiga kelele. "Toboa! Hapo hapo, toboa!"

Nilisimama nyuma yake. "Na dhamana, baba?"

"Dhamana ya nini, huoni nyumba inaharibika?"

Nyumba. Nilisubiri aongeze neno lingine, jina la mtu, chochote. Fundi akashusha mkasi wake wa bati, akakata duara, akapitisha bomba, akaziba pembeni kwa lami na kofia ya bati ya kuzuia mvua. Kazi nzima haikuzidi muda wa kuchemsha chai. Hakuna tone lililovuja mvua iliponyesha, na bati la buluu liko vile vile.

Shangazi aliporudi alitembea akishika bega langu. Baba alimpokea mlangoni, uso unang'aa, akamwongoza moja kwa moja mpaka jikoni kabla hata hajakaa. "Dada, tazama. Bomba lako hilo. Sasa utapika kwa raha zako."

Shangazi aliliangalia kutoka chini hadi linapotokea darini. Akaiona ile dari ya rangi ya chai. Akamwona mama, macho bado yamevimba.

"Nani alilia?" akauliza.

Mama alitoka nje. Baba alisema kitu kuhusu vumbi la fundi. Nikawaambia alichosema daktari, kwamba shangazi hatapika tena, si leo wala kesho, bomba liwepo lisiwepo. Baba akanitazama kama nimemvunjia heshima mbele ya wageni.

Sasa anashinda barazani kwenye kiti chenye mto. Maneno yake, ambayo zamani yaliwakimbiza wauza kuni, yanatoka mawili matatu kisha inabidi angoje pumzi. Mama amejifunza kuwasha kutokea juu. Moto unawaka vizuri, moshi unapanda, jikoni pasafi, na majirani wanaletwa kuona. Baba ndiye anayewaleta. Huwasimamisha barabarani, akawaonyesha lile bomba lilivyokaa juu ya bati la buluu.

Jumapili iliyopita alikuja na wenzake wawili wa ghalani. Aliwaelekeza juu, kisha akawageuza waelekee barazani alipokaa shangazi.

"Bati la gharama ile," akasema, "lakini nilimwambia fundi alitoboe. Kwa ajili ya dada yangu huyu. Ndiye aliyenilea."

Wale wanaume walitikisa vichwa kwa heshima. Nilikuwa nimekaa karibu na shangazi, nikaona ameinua kichwa na kufungua kinywa. Mkono wake ulishika ukingo wa kiti. Alikuwa na neno, nililiona kabisa usoni mwake, na wageni nao waliliona, maana walisogea na kuinama ili walisikie. Akavuta pumzi, haikutosha. Akavuta tena. Wageni wakangoja, mmoja akaanza kutazama viatu vyake kwa haya.

"Anashukuru," baba akawaambia, akawakaribisha ndani.