Siku Bisibisi Alipolipunguzia Nguvu Gari la Kaka Yake

Walimwita Bisibisi tangu usichana, kwa kuwa alikuwa mwembamba, amenyooka, na mkono wake uliingia mahali ambapo mikono ya mafundi wengine ilikwama. Jina la kuzaliwa lilibaki kwenye vyeti. Alikuwa fundi wa injini za dizeli mwenye miaka arobaini na miwili, na juu ya jicho la kushoto alikuwa na kovu aliloachiwa na baba yake. Mzee naye alikuwa fundi, lakini hakufundisha kwa mdomo. Ukikosea namba ya spana, spana ileile ilikujia hewani. Bisibisi alijifunza kuinama haraka, kazi akaishika. Kaka yake mkubwa alikataa kuinama. Alipigwa miaka nenda miaka rudi, na alipoota ndevu akaondoka pale gereji kwa baba akiwa na ujuzi mmoja tu, ule wa kupiga.

Huyo kaka ndiye aliyekuja kuitwa Radi. Alikuwa na pikapu ya dizeli ya milango minne, akisomba nyama kutoka machinjioni hadi kwenye mabucha, na aliliendesha gari hilo kana kwamba barabara imemtukania mama yake. Nyumbani mambo yalikuwa yaleyale. Mkewe alisema "nimeanguka bafuni" mara nyingi mno, hadi majirani wakawa wanasema bafu lile lishtakiwe.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, pikapu hiyo iliingia gereji kwa Bisibisi ikigugumia kwa gia ya pili. Usukani ulikuwa umeshikwa na mke wa Radi. Mdomo ulikuwa umepasuka, jicho moja limefumba.

"Wifi," alisema kabla hajashuka, "kaka yako amelala. Nimeuchomoa ufunguo mfukoni mwake."

"Amekupiga tena."

"Kupigwa nimeshazoea. Jana alitupakia, mimi na watoto wote wawili, akatupeleka kwenye ule mteremko wa machimbo. Anakanyaga mafuta huku ananiuliza, bado unataka kwenda kwenu? Bado unataka? Mdogo alijikojolea. Sasa hataki hata kulitazama hili gari." Alishuka, akajishikiza mlangoni. "Lipunguze nguvu, wifi. Lifanye liwe punda."

Bisibisi alifungua boneti. Turbo ndiyo inayoisukumia injini upepo, na kando yake kuna kikopo chenye fimbo nyembamba isiyozidi urefu wa kalamu. Upepo ukifika kiwango chake, fimbo husukuma kijimlango, moshi unaoizungusha turbo ukapita pembeni, na turbo ikatulia. Ukiifupisha fimbo, kijimlango huchelewa kufunguka na gari huwa na nguvu za mashetani. Ukiirefusha, hufunguka mapema, gari likapoa. Hii ilikuwa imefupishwa hadi nyuzi zote za skrubu zimemezwa. Injini ile ilikuwa inaendeshwa kuelekea kaburini, na waliokuwa ndani yake pia.

Aling'oa klipu kwa koleo, akailegeza nati ya kubana, akaanza kukizungusha kichwa cha fimbo kwenda nje. Moja. Mbili. Upande wa moshi wa turbo ulikuwa bado wa kuchoma, akawa anafanya kazi huku amekunja kiwiko. Mizunguko minne ilitosha. Kwa haki ya ufundi, kijimlango lazima kibaki kimebanwa kidogo, la sivyo hakifungi sawasawa na injini hukosa pumzi tangu gari linapoondoka. Bisibisi alifika wa nne, akautazama uso wa wifi yake, akaongeza mitatu. Akakaza nati, akarudisha klipu.

Alikuwa bado ameinama aliposikia sauti langoni.

"Nani kakupa ruhusa ya kugusa gari yangu?"

Radi alikuja kwa miguu, bila shati, macho mekundu. Hakungoja jibu. Alimzaba mkewe kofi moja, mwanamke akaangukia beseni la mafuta machafu, beseni likapinduka naye.

"Kaka, muache," Bisibisi alisema, akajiweka katikati. "Ukitaka ugomvi, mimi hapa."

"Wewe? Hebu tuone unachokirekebisha!"

Alimkamata shingo kwa nyuma, akamsukuma kichwa ndani ya injini. Bisibisi alisikia harufu ya nywele zinazoungua, akajua ni zake. Shavu liligusa chuma, likashika. Mkono wake wa kushoto, ule unaoingia popote, ulipapasa, ukaupata mkono wa kaka yake juu kidogo ya kifundo. Akauvuta chini, akaulalia kwa uzito wake wote juu ya turbo.

Radi alilia kama ng'ombe. Alipojinasua, ngozi ilibaki kwenye chuma.

Bisibisi aligeuka na spana kubwa mkononi. Pigo la kwanza lilimpata Radi mdomoni, meno mawili yakaruka kwenye sakafu. La pili likampata begani. Alipolipandisha la tatu, Bisibisi alisikia mdomo wake mwenyewe ukipayuka, "Namba gani hii? Nimekuuliza, namba gani!" Yalikuwa maneno ya baba yao, kwa sauti ya baba yao. Pigo lile lilimshukia Radi kichwani na likampigisha magoti. La nne lingemmaliza.

"Inatosha, dada! Utaua!" Mchomeleaji wa banda la jirani alimkumbatia kwa nyuma, akamwinua miguu ikielea.

Katika vurugu hiyo, Radi alijikokota, akaibamiza boneti, akaingia ndani ya pikapu. Mkewe alikuwa amekimbilia langoni, amelowa mafuta mwili mzima, anateleza kila akipiga hatua. Radi alimwona kupitia kioo cha mbele. Akawasha, akakanyaga mafuta hadi chini, akalielekeza gari kwake.

Gari liliguna. Lilitoa moshi mweusi tii, likatetemeka, likaondoka kama mzee anayeinuka kitini. Mwanamke aliteleza, akainuka, akajirusha nyuma ya nguzo ya lango. Bampa ilimkosa kwa shubiri moja, ikaubomoa ukuta, na matofali yakaishukia boneti. Radi alivunja mbavu tatu kwenye usukani. Bisibisi hakuwahi kujisifu kwamba ile mizunguko mitatu ndiyo iliyomwokoa wifi yake. Hofu nayo ina mbio zake, alisema. Lakini mchomeleaji, aliyeona kwa macho yake, aliapa kwamba gari lile lingekuwa kama la jana, wangezoa mtu kwa koleo la taka.

Askari walimtoa Radi hospitali na kumpeleka mahabusu. Baadaye hakimu alimpa miaka minne.

Siku ya nne baada ya vita hivyo mama yao alifika gereji. Hakusalimia.

"Umemtoa meno ndugu yako wa tumbo moja. Kisha ukaenda kumsemea polisi."

"Ndiyo, mama."

"Huna hata aibu?"

Bisibisi, nusu ya uso ikiwa kwenye bendeji, alivuta kiti akamwekea. "Aibu ninayo. Nilipokuwa nampiga nilisikia raha, mama. Hiyo ndiyo inayoninyima usingizi. Lakini niambie, ulikuwa wapi baba alipokuwa anatufundisha?"

Mama alikipangusa kiti kwa kanga. Alikaa. Alikaa pale hadi adhuhuri, mikono mapajani, akitazama watu wakifanya kazi, na alipoondoka aliligusa lile shavu lisilo na bendeji.

Wifi alikwenda kwao na watoto, akarudi baada ya miezi mitatu. Alipanga vyumba viwili karibu na shule, na Bisibisi alipomaliza kulitengeneza gari, akiirudisha fimbo mahali pake halali, wifi alianza kusomba nyama yeye mwenyewe. Wachinjaji walimcheka wiki ya kwanza. Ya pili wakaona hachelewi hata siku moja, wakaacha.

Mtoto mdogo alikataa katakata kulipanda lile gari. Asubuhi alikwenda shule kwa miguu, mkoba mgongoni, na mama yake akamfuata nyuma kwa gia ya kwanza, taa za tahadhari zikiwaka na kuzima, magari mengine yakimpigia honi na kumtukana. Ilichukua muda mrefu. Siku aliyokubali, alipanda kiti cha nyuma, akashika mlango kwa mikono miwili, na hakuna aliyemsemesha hadi walipofika.