Nitakwambia Baadaye

Wiki yake ya kwanza chuoni, Audax alijiunga na vikundi sita. Chuo chao kipo Temeke, nyuma ya viwanda, na kila mwaka wanafunzi wapya wanapofika, vikundi hutandika meza uwanjani chini ya mahema, kila kimoja na spika yake, kila kimoja kikidai ndicho chenye raha. Audax alipita meza hadi meza. Kwao Karagwe, alikosoma bweni, raha ilikuwa mpira na kwaya, basi. Hapa palikuwa na jogging ya Jumapili alfajiri, mdahalo, singeli, upigaji picha, usafi wa fukwe, na kwenye meza ya mwisho, isiyokuwa na spika, lugha ya alama.

"Braza, umebakiza chama cha wajawazito tu," Sultan alimwambia. Sultan alikuwa mwenzake wa darasani, mtoto wa Buguruni, na ukoo wake wa Kiarabu umeuza vitambaa pale sokoni tangu enzi za babu yake. Yeye hakujiunga na chochote.

"Nataka nijaribu kila kitu," Audax alisema. "Nisije nikarudi kwetu nimeona darasa tu."

"Jaribu na kulala basi."

Sioni ubaya kijana kupenda kuona mambo. Lakini kati ya vikundi vile, kimoja kilikuwa na mtu ndani yake anayengoja, na Audax alivitia vyote kapu moja.

Mtu huyo ni Lusungu. Alitoka Mbozi, uziwi ulimpata akiwa darasa la pili baada ya homa ya uti wa mgongo, na alikuwa kiziwi pekee katika darasa lao la stashahada ya uchapaji. Mkalimani aliyeajiriwa na chuo alikuwa mmoja, akigombaniwa na viziwi wa kozi zote, hivyo darasa la uchapaji lilimpata Jumanne asubuhi tu. Siku nyingine Lusungu alinakili daftari la jirani, ambalo mara nyingi lilikuwa na nusu ya somo na michoro ya magari.

Kikundi cha alama kiliongozwa na Kokushubila, msichana wa mwaka wa pili. Wazazi wake wote wawili ni viziwi, na mikono aliijua kabla ya maneno. Alimwona Audax ana vidole vyepesi, akamkazania. Muhula haujaisha, Audax alikuwa anakaa mbele ya darasa, kampa mwalimu mgongo, anamfasiria Lusungu habari za wino, bamba na karatasi. Darasa zima lilimtazama. Wasichana walimwomba awafundishe kuandika majina yao kwa vidole. Alilipenda hilo kupita kiasi.

Kasoro ilikuwepo, na Kokushubila aliiona mapema. Mwalimu akienda mbio, au darasa likiangua kicheko kwa mzaha wa mtu wa nyuma, Lusungu aliuliza, "Wanacheka nini?" Audax, naye bado akicheka, alijibu kwa mkono, "Nitakwambia baadaye." Baadaye hiyo haikufika.

"Neno hilo usimwambie kiziwi," Kokushubila alimwonya. "Baba yangu mpaka leo anangoja kuambiwa walichekea nini kwenye harusi yake."

Audax alicheka. Alidhani ni utani.

Mambo yakamzidia. Jumapili alikimbia na wenzake kuanzia Tandika, wakiimba na kupiga filimbi. Jumatano mdahalo, Ijumaa picha. Nyumbani Segerea, alikoishi na baba yake mdogo, karani wa benki, kila kikundi kilimwongezea nguo.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Leo ya kijani? Chuo umekuja kusoma au kukusanya fulana?"

"Hii ni ya fukwe, baba mdogo."

"Na vitabu navyo vina fulana yao?"

Audax aliinamisha kichwa, akaingia chumbani. Baba mdogo alikuwa mtu mpole, na upole una hasara zake. Asubuhi hakuuliza tena.

Ulipofika wakati wa kutafuta mahali pa mafunzo kwa vitendo, kila mwanafunzi alijitafutia kiwanda. Asiyepata haingii mwaka wa pili, na sheria hiyo haina mjomba. Lusungu alikataliwa kwingi. Walimwandikia kwa adabu kwamba hawana mtu wa kuongea naye. Kiwanda kimoja tu cha Chang'ombe kilimwita kwenye usaili, Jumamosi saa tatu asubuhi.

Alimfuata Audax karakana ya chuo, akamgusa bega.

"Twende wote," alisema kwa mikono. "Kazi yangu nitaieleza mwenyewe. Wewe uwe sauti tu."

"Nitakuja," Audax alijibu.

"Kweli?"

"Kweli."

Kesho yake kikundi cha fukwe kikatangaza safari ya Kunduchi Jumamosi ileile. Wangeokota taka karibu na pale samaki wanaposhushwa, kisha wangeogelea na kula chakula cha mchana kwenye hoteli moja ya ufukweni iliyowafadhili. Audax alikuwa hajawahi kuingia baharini. Akaanza kujihesabia haki, na mtu akianza hivyo huwa ameshaamua. Kokushubila ni stadi kuliko yeye. Lusungu angefaidika zaidi akienda na stadi. Ijumaa jioni alimtumia Kokushubila ujumbe, "Dada Koku, kesho saa tatu naomba umsindikize Lusungu kwenye usaili." Kwa Lusungu aliandika, "Koku atakuja badala yangu. Atakufaa zaidi." Akaweka simu chini, akatafuta kaptura.

Asubuhi Sultan alimpigia.

"Oya, leo si mnaenda Chang'ombe na Lusungu?"

"Koku anaenda."

"Kakwambia anaenda?"

"Nimemtumia meseji."

"Sijauliza hilo, mwanangu."

"Sultan, gari linaondoka, tutaongea."

Simu ya Kokushubila ilikuwa kwa fundi tangu Alhamisi.

Kule Kunduchi waliokota chupa, mifuko na vipande vya nyavu. Akina mama wauza samaki waliwatania, "Nyie wasomi, mkimaliza huko njooni mtuparie na samaki." Kisha wakaogelea. Audax alimeza maji ya chumvi, akakohoa, akacheka mpaka akakaa mchangani. Aliniambia mwenyewe kwamba hajawahi kufurahi kama siku ile, na namwamini. Ndiyo maana inamuuma.

Saa hizo Lusungu alikuwa kwenye benchi la kiwanda. Aliwahi, akamwonyesha mlinzi jina lake kwenye simu, akaketi na bahasha ya kalenda na kadi alizochapa kwa mkono wake. Vijana wengine walijaa pembeni. Kila lango lilipofunguliwa aliangalia kama ni Kokushubila.

Karani wa mapokezi alitoka mlangoni, macho kwenye karatasi, akaita, "Lusungu Simkoko." Akaita tena kwa nguvu. Benchi zima likatazamana. Lusungu alikuwa anatazama lango. Karani akasema, "Hayupo huyu," akaita mwingine.

Lusungu aliwaona wenzake wakiingia na kutoka, akadhani zamu yake ni ya mwisho. Jina lake si la mwisho kwenye alfabeti, lakini viwanda vina utaratibu wao. Benchi likabaki tupu. Karani alipokuja kufunga mlango, Lusungu alisimama, akaandika kwenye simu, "Mimi ni Lusungu. Nipo hapa tangu saa mbili." Karani alisoma, akashika mdomo. Alimkimbilia meneja kwenye maegesho, lakini nafasi ilikuwa imeshatolewa, na kijana aliyeipata alikwisha kuambiwa.

Jumatatu Kokushubila na Audax walikwenda kiwandani. Meneja, mtu wa makamo, aliwakaribisha viti.

"Shikamoo mzee," wote wawili walisema.

"Marahaba. Karani wangu kanieleza, na mimi limenisikitisha. Lakini yule mwingine nimnyang'anye kwa kosa gani?"

"Hata kwa kuongeza nafasi moja, mzee," Audax alisema.

"Mashine ya kumfundishia ni moja. Ningeweza ningefanya." Akamtazama. "Hebu niulize. Mwenzenu hasikii, nyie mnasikia. Mlikuwa wapi?"

Kokushubila angeweza kujitetea kwa simu iliyokuwa kwa fundi. Hakufanya hivyo.

Walizunguka viwanda vingine wiki nzima. Kote walikuta nafasi zimejaa, au wakapewa tabasamu lile la kumaliza mazungumzo. Chuo kikamwandikia Lusungu aahirishe masomo, arudi kwao Mbozi mpaka muhula mwingine. Baba yake, mkulima wa kahawa, aliuliza kwa ujumbe kama mwanawe kafukuzwa kwa utovu wa nidhamu.

Siku moja kabla ya safari ya Lusungu, Audax alimkuta karakana anakusanya kazi zake. Kokushubila alikuwepo, anamsaidia kufunga. Audax alisimama mbele ya Lusungu, kama alivyozoea darasani akimfasiria masomo.

"Nisamehe," alisema kwa mikono. "Nilidhani Koku atakuja."

"Ulidhani," Lusungu alijibu. "Mimi nilikuwa nimekaa."

"Najua."

"Hujui. Jina langu liliitwa, wakasikia watu nisiowajua. Niliyemwomba asikie alikuwa anaogelea."

"Nimeacha vikundi vyote. Hata jogging. Nitaongea na mkuu wa chuo, nitakutafutia kiwanda, muhula ujao nitakuwa..."

Sisi tunaosikia tunaweza kumsemesha mtu aliyetupa kisogo, na maneno yakamwingia apende asipende. Kiziwi hana mateso hayo. Lusungu aliinamisha macho kwenye kamba aliyokuwa anafunga, na mazungumzo yakaishia hapo. Audax aliendelea kidogo, mikono ikienda kasi, alama moja juu ya nyingine, akizikosea hata zile za wiki ya kwanza. Aligonga meza ili Lusungu ahisi mtikisiko na kuinua uso. Lusungu alihisi. Hakuinua. Alikaza fundo, akaanza lingine.

Kokushubila alimshika Audax kiwiko.

"Shusha mikono," alisema kwa sauti. "Hakutazami."