Joto Lililokaa Paje

Mwaka ule msimu wa joto wa kaskazi ulipokaribia kwisha, nilikuwa mgeni kazini, kwenye kituo kidogo cha hali ya hewa upande wa Kiembe Samaki. Kila asubuhi nilifungua kisanduku cheupe cha mbao kilichosimama juu ya majani, nikasoma vipimajoto, nikaandika. Siku zilifanana mno, hata ikanijia kama naishi siku moja tu, ndefu, ambayo usiku huipitia juu juu bila kuikata.

Mkubwa wangu wa kazi, mwanamke mpole wa makamo, alinifundisha utabiri ulio mwepesi kuliko wote: kesho itakuwa kama leo.

"Usiucheke," aliniambia. "Joto la leo lina mkono ndani ya kesho. Kila njia mpya ya kutabiri tunaipima na huu kwanza. Isipoushinda, haina faida kwetu."

"Na keshokutwa?"

"Mkono bado upo, ila umelegea. Ukienda mbele sana, leo haina la kukwambia tena. Hapo shika joto la kawaida la mwezi huo."

Wiki hiyo mama mdogo alinipigia simu kutoka Paje. Ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, na mwani alioulima baharini ndio ulionisomesha.

"Mwani wangu unageuka mweupe," alisema. "Nikiushika unakatika mkononi."

Niliomba likizo, nikaenda. Nilimkuta pwani, maji yamekupwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone."

Hapakuwa na upepo. Tiara za watalii, zile zinazowavuta juu ya maji, zilikuwa zimelala mchangani. Mbele yetu mbingu na maji vilishikana, huoni mpaka, na wanawake waliokuwa kwenye kamba zao za mwani kule mbali walionekana kama wamening'inia hewani. Tulitembea katika weupe ule mpaka maji yakatufika magotini. Nikatumbukiza kipimajoto. Maji yalikuwa ya moto kuliko hewa.

"Kesho yatapoa?" aliuliza.

"Sidhani. Joto limeshakaa siku nyingi. Likikaa hivi, kesho hulikuta papo hapo. Na bahari ni nzito kuliko hewa, haiachi upesi ilichokishika."

"Ndiyo uliyoyasomea hayo?"

"Ndiyo hayo, mama."

Alicheka kidogo, akawa anazungusha kipande cha mwani baina ya vidole mpaka kikamong'onyoka.

"Basi mbegu zangu hazitasubiri," alisema. Aligeuza uso kule maji yanakoanza kuwa ya buluu. "Kule wanasema panapoa. Lakini mimi sijui kuogelea. Umri wote huu bahari naifanyia kazi nimesimama."

Sikumhimiza. Jioni nzima hakulitaja jambo hilo tena. Asubuhi nilimkuta uani anafunga madumu matupu kwenye kamba ili zielee penye kina.

"Nnakwenda," alisema. "Wewe utanishika."

Tulichagua mbegu, vile vipande vya mwani vilivyokuwa bado vizima, tukavifunga kwenye kamba, tukazivuta taratibu. Maji yalipanda kiunoni, yakapanda kifuani. Kanga yake ilivimba, ikamzunguka kama ua. Akasema bismillahi, miguu ikaacha mchanga. Niliweka viganja vyangu chini ya mgongo wake, nikashangaa wepesi wa mtu aliyenibeba miaka yote ile.

"Usiniachie."

"Sikuachii."

Alielea, macho juu. Masikio yake yalikuwa ndani ya maji. Sijui alisikia nini. Kisha akasema polepole, kama aliyeambiwa siri, "Huku chini miguu inapata baridi."

Tulirudi huko kila maji yalipokupwa, mpaka kamba zote zenye mwani mzima zikahama. Kule kwenye maji mafupi mwani mwingi ulikufa, na majirani wawili walipoteza wote. Wa kwake wa kwenye maji ya buluu ulipona. Walipouona, nao walikuja na madumu yao.

Kila jioni mama mdogo aliniuliza habari ya kesho, nami nilimjibu, "Kama leo." Siku baada ya siku nilisema kweli, hata wanawake wa mtaani wakaanza kuniuliza.

Kisha ikaja alfajiri moja. Nilikuwa usingizini, nasikia kitu kama mchele unamwagwa juu ya bati. Mama mdogo alisimama mlangoni, nguo imemganda mwilini.

"Mtabiri," aliniita.

"Naam."

"Amka tuanue mwani."

Tulikimbia uani tulikouanika ukauke, tukaukusanya kwa mikono, matone ya mvua yakitupiga usoni. Sehemu ililowa, lakini yeye alicheka, nami nikacheka naye. Tulipomaliza hakuingia ndani. Alikaa kizingitini, pumzi yake ikitoka taratibu. Hewa ilikuwa imebadilika kabisa, ina harufu ya udongo, na kwa mara ya kwanza tangu nifike alijikunja kwa baridi, akaniomba kanga kavu ajifunike.